Shangazi Alikwenda Safari

Kazi ya kwanza niliyowahi kuifanya katika tamthilia ilikuwa kumwachisha mama yangu kazi, na niliifanya kabla sijazaliwa.

Mama alikuwa mwigizaji. Katika ile tamthilia ya familia yenye duka, ambayo watu wanaitazama tangu televisheni zilipokuwa na kisogo, yeye ndiye aliyekuwa dada mkubwa, yule mwenye ulimi mkali aliyemkosesha usingizi kaka yake na kila mteja aliyeingia dukani bila nia ya kununua. Watu walimpenda. Barabarani walimsimamisha wamuulize kwa nini jana amemfokea kaka yake vile. Kisha mimi nikaanza kuonekana kwenye gauni, na mtayarishaji wa tamthilia, ambaye wote tunamwita Mzee ingawa wakati huo alikuwa bado na nywele zake zote, akamwambia mwandishi ampeleke safari. Basi dada mkubwa akavaa koti la kahawia, akachukua sanduku, akamwambia kaka yake "Nitarudi," na mlango ukafungwa. Hakurudi.

Safari, pale kwetu, ni neno la kutia baridi. Katika tamthilia yetu wanaume hufa na wanawake husafiri. Mwigizaji wa kiume akianza kumsumbua Mzee kuhusu mkataba, hachelewi kugongwa na gari. Mwigizaji wa kike akishika mimba anapata kazi nchi za mbali, au anakwenda kumwuguza jamaa ambaye hatujawahi kumsikia akitajwa. Ukiona skripti yako imeandikwa neno pasipoti, anza kuaga watu.

Nilipoacha kunyonya, mama alirudi studio kuuliza kama nafasi yake bado ipo. Mzee akamwambia nafasi haipo, watazamaji wameshazoea, lakini chumba cha mavazi kinahitaji mtu anayejua kushona. Mwingine angemtolea Mzee maneno mazito na kuubamiza mlango. Mama aliuliza ufunguo uko wapi.

Chumba chenyewe kiko mwisho wa korido, baada ya choo cha wageni. Kina reli za nguo ukuta hadi ukuta, pasi ya mvuke inayokoroma hata isipoguswa, na makopo ya biskuti ambayo hayajaona biskuti tangu nizaliwe: hili la vifungo, hili la zipu, hili la vitu ambavyo mama anasema vitafaa siku moja. Baba alikuwa dereva wa malori, mtu wa safari za kweli, kwa hiyo mimi nilikulia chini ya zile reli. Nililala juu ya rundo la makoti ya polisi wa kuigiza, nikaota meno nikitafuna mkanda wa hakimu. Mama pale studio hana jina ila Mama Pini, kwa sababu ya pini anazobana kwa midomo akimpima mtu nguo. Akiwa na pini mdomoni anaweza kuongea, kugombana, hata kuimba. Anazitoa kwa mambo makubwa tu.

Mimi nilipokua nikawa mhariri. Watu hawaijui kazi hii, wanadhani kamera ikishapiga picha basi mambo yamekwisha. Kumbe tukio moja linapigwa mara nyingi, kutoka huku na kutoka kule, na yote yanakuja kwangu, kwenye chumba kisicho na dirisha, nichague kipi kiunganishwe na kipi na kipi kitupwe. Wananiita Mkasi. Kazi yangu ni kuwakatiza watu maneno, na mwisho wa mwezi napewa mshahara kwa tabia hiyo hiyo iliyonipatia vibao shuleni.

Nimemuuliza mama mara nyingi kama anaukosa uigizaji. Jibu lake ni moja, na analitoa na pini zake mdomoni.

"Nikose nini? Kuamshwa alfajiri nipakwe poda? Niache."

Nilimwamini, karibu. Lakini lilikuwapo lile koti la kahawia. Nguo zisizotumika pale huwa hazikai, mama anazigawa kwa waigizaji wa nyuma, wale wanaopita barabarani wahusika wakiongea. Koti la yule dada mkubwa halikugawiwa. Lilikaa mwisho wa reli, limefunikwa mfuko, na kila baada ya muda nilimkuta amelitoa, analipiga brashi mabegani.

"Nguo ikiachwa inaliwa na wadudu," alisema.

Sikumuuliza mbona makoti ya polisi wadudu hawayali.

Sasa, huyo kaka mtu wa kwenye tamthilia alikuwa na binti. Kwa miaka mingi binti huyo alikuwa mtoto wa kupita tu na begi la shule, mtoto huyu mwaka huu na mtoto yule mwaka mwingine. Kisha mwigizaji wa kaka akadai mambo makubwa kwenye mkataba wake, akafa kwa kuteleza ngazini, na duka likabaki bila mtu. Ndipo akapewa nafasi msichana mmoja aliyekuwa akija kuigiza mteja wa sabuni. Tulikuwa tumeshazoea kumwita Binti kabla hata hajawa binti wa mtu. Mchapakazi, ana sauti inayofika bila kupiga kelele, na ana uso ambao kamera inaushangilia. Kwa muda mfupi duka likawa lake. Watu wakaanza kumsimamisha barabarani.

Mama ndiye aliyegundua wa kwanza. Mpima nguo hujua mambo kabla ya mganga. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda chumba cha mavazi kula chakula changu cha mchana, nikawakuta wanapambana na zipu ya mgongoni.

"Vuta pumzi, mwanangu," mama alisema.

"Nimevuta, mama."

"Vuta tena."

"Nikivuta tena nitaanguka."

Mama akaiachia zipu. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa cha mkononi. Niliposhuhudia hivyo nikaweka kijiko chini.

"Tangu lini?" aliuliza.

Binti akaanza kulia. Alisema yeye na mume wake walikuwa na furaha, wallahi walikuwa na furaha, lakini tangu ajue hajalala vizuri, kwa sababu Mzee akijua atampeleka safari, na duka amelipata juzi juzi tu, na anaipenda kazi hii kuliko kitu chochote alichowahi kufanya kwa mikono na miguu yake. Mama alimkalisha kwenye stuli, akamfuta uso kwa pindo la gauni la bibi harusi.

"Hakuna anayekwenda popote," alisema. "Nguo nazisimamia mimi."

Kisha akanigeukia.

"Na wewe umekaa kwenye ile mashine yako, utaona tu. Ukiona, hujaona."

Basi nikaanza kutokuona. Mama alipanua mishono kidogo kidogo, akamvalisha Binti aproni pana ya dukani, akasema mwenye duka makini huvaa aproni. Picha zikaja kwangu, na mimi kila Binti alipogeuka ubavu nilikata haraka nikaonyesha uso wa mteja. Msimu ule watazamaji waliwaona wateja kuliko wakati wowote katika historia ya lile duka. Babu mmoja aliyekuja kuigiza mnunuzi wa betri alipata sifa mtaani kwao kwa jinsi nilivyomtumia.

Nilidhani siri ni ya watu watatu. Ila mhariri anaona kila kitu, na nikaanza kuona mambo. Wiki moja Binti aliongea na mteja akiwa amekumbatia kapu. Wiki iliyofuata, beseni. Kisha robota la nguo, kisha tikitimaji kubwa ambalo alizunguka nalo tukio zima bila kulikata wala kuliuza. Vifaa vyote vinatoka kwa mtunza vifaa, mtu wa makamo tunayemwita Stoo kwa kuwa ndiko anakoishi. Nikasema moyoni, ahaa, na huyu naye anajua.

Mpiga picha, anayeitwa Jicho, alikuwa na tabia ya kupiga picha pana, mtu mzima mzima kutoka kichwani mpaka viatuni, mpaka tulikuwa tukigombana. Ghafla akawa anampiga Binti kuanzia kifuani kwenda juu. Fundi taa, ambaye dukani alikuwa akiwasha kila kitu kama hospitali, akagundua uzuri wa kivuli. Mwongozaji wetu, kijana mpole asiyeweza kutoa amri bila kutanguliza neno labda, alianza kusema, "Labda ukae," "Labda usimame nyuma ya meza," "Labda mteja apite mbele yako." Mwandishi ndiye aliyenimaliza. Aliandika tukio la seremala anayekuja kuinua kaunta ya duka, eti kwa sababu ya wezi. Nilicheka peke yangu mpaka mhariri wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja aliamini yeye ndiye msiri pekee, akitembea koridoni amebeba mzigo wake kwa uso wa mtu asiye na habari. Wangekaa chini dakika moja wakapangiana zamu, mambo yangekwenda salama. Lakini watu wa kazi hii ndivyo tulivyo, kila mtu yuko kwenye kona yake, anadhani filamu nzima inasimama juu ya kona hiyo.

Ndiyo maana siku ya tukio la ugomvi kila mmoja aliongeza nguvu. Lilikuwa tukio refu: Binti anamkabili mfanyabiashara anayetaka kumnyang'anya duka. Tumbo nalo lilikuwa limekua. Mama akamvalisha aproni juu ya sweta juu ya gauni. Stoo akampa beseni la vyombo na akapanga magunia juu ya kaunta. Mwongozaji akasema labda arudi nyuma hatua chache. Fundi taa akamtia kivulini. Jicho akakaza picha. Nilipofungua tukio kwenye mashine yangu niliona kaunta ndefu, juu yake magunia, juu ya magunia beseni, na juu ya beseni, mbali gizani, macho mawili yenye hasira. Nikafungua picha ya pili, ya tatu, zote vile vile. Hakukuwa na cha kukata, wala cha kukimbilia. Nilishika kichwa.

Na kila wiki, kabla sehemu mpya haijarushwa, Mzee huitazama kwenye chumba cha maonyesho pamoja na wakuu wa kila idara. Hakosi hata akiwa na mafua.

Nilikwenda ghala la kanda za zamani kutafuta chochote cha kuziba pale, labda picha ya duka la enzi hizo, tufanye Binti anakumbuka utoto wake. Ghala letu limehamishiwa kwenye kompyuta, unaandika neno inakuletea. Niliandika duka na mlango. Ikaniletea mama.

Sikuwahi kuliona tukio lile. Aliniambia kanda ilifutwa. Kumbe ipo. Mama yangu, mdogo kuliko mimi wa leo, amevaa koti la kahawia, anatoka nyuma ya kaunta, anapita mbele ya kaka yake, anafika mlangoni. Sanduku hakulibeba kwa mpini kama watu wanavyobeba sanduku. Amelikumbatia kwa mikono miwili, mbele ya tumbo, kutoka mwanzo wa tukio mpaka mwisho. "Nitarudi," anasema, na mlango unafungwa.

Nililirudia mara nyingi. Nyuma ya sanduku lile nilikuwa mimi. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Mzee alikuwa akinipeleka shule kwa gari lake kila mvua iliponyesha. Mama alisema hakosi kitu. Kanda ilikuwa imelala pale miaka yote, na hakuna aliyeona haja ya kuniambia kwamba mama alikuwa mzuri kiasi kile. Alikuwa mzuri sana. Hivyo nikafanya jambo ambalo mhariri hatakiwi kufanya: nikalichukua tukio la mama nikaliweka mwanzoni kabisa mwa sehemu ile mpya, kabla ya jina la tamthilia. Sikumwambia mtu, na mama nilimkwepa mpaka siku ya maonyesho.

Siku hiyo Mzee aliketi kwenye kiti chake cha mbele na peremende zake. Mama aliketi nyuma, karibu na Binti, akipinda upindo wa suruali ya mtu, pini mdomoni. Taa zikazimwa. Mama mdogo akatokea kwenye skrini na sanduku lake.

Mlango ulipofungwa niligeuka, nikamwona mama ameacha kushona. Kisha jina la tamthilia likapita, matukio mengine yakapita, ugomvi wa dukani ukafika, na yale macho mawili yakatokea gizani juu ya beseni.

"Simamisha," Mzee alisema.

Nikasimamisha. Taa zikawashwa.

"Huyu ni nani?"

"Labda ni Binti," mwongozaji alisema.

"Labda? Na duka langu limegeuka handaki tangu lini? Nani ananieleza?"

Mama akasimama. Alikuwa ameshatoa pini zote.

"Ni mimi, Mzee. Binti ana mimba. Nguo zinapita mikononi mwangu, nilijua tangu mwanzo, nikaficha. Hawa wengine hawajui chochote. Kama ni kuondoka, naondoka mimi, yeye mwache na kaunta yake."

Nilitaka ardhi ipasuke, kwa uoga na kwa fahari pamoja. Nadhani maneno yale yangetosha kumaliza kikao kwa heshima. Lakini Stoo alikuwa amevimba.

"Samahani, Mama Pini," alisema. "Hatujui chochote? Na lile beseni unadhani lilikuja lenyewe? Kapu je? Tikiti je? Nimezunguka masoko mawili kutafuta tikiti lenye ukubwa ule!"

"Tikiti lako lingemsaidia nini, kama mimi ningepiga picha pana?" Jicho akauliza. "Mwezi mzima nimejinyima. Mimi! Picha za kifuani kama za kitambulisho!"

"Na nani aliyekutilia kivuli?" fundi taa akasema.

"Kaunta ni yangu," mwandishi akasema kwa sauti ndogo. "Na yule seremala."

Mwongozaji akasema labda na yeye alichangia. Mpambaji akasema amekuwa akimpaka Binti rangi ya mashavu ili uso usionekane umejaa. Kila mtu akawa anadai chake, wanakatizana, wanatajiana vikapu na taa, mpaka Mzee akageuka kwenye kiti akawa anawatazama mmoja mmoja huku peremende imesimama shavuni.

Binti akainuka. Akavua aproni, akasimama ubavu, pale mbele ya watu wote.

"Ni mtoto, Mzee," alisema. "Nilitaka kukuambia mwenyewe, nikaogopa. Na kaunta siitaki kuiacha."

Mzee aliniambia nirudishe mwanzo. Nikarudisha. Tulimtazama mama akipita tena na sanduku lake, na alipofika mlangoni Mzee akainua mkono, nikasimamisha pale pale.

"Sanduku hili," alisema. "Nilijua una mimba, lakini hapa nilidhani ni uigizaji. Niliwaambia watu wote, tazameni anavyolikumbatia, mtu anaondoka kwao moyo umevunjika. Nilikusifia sana."

"Nilikuwa namkumbatia huyu," mama alisema, akaninyooshea kidole bila kunitazama.

Mzee akamwita mwandishi. Mwandishi akaitika kama mtu anayetumwa kuchimba kaburi. Sote tulijua neno gani linakuja.

"Huyu binti hasafiri," Mzee alisema. "Atazaa hapo hapo dukani, mbele ya wateja wake, watu wamezaa tangu dunia iumbwe. Shusha hiyo kaunta yako. Tatizo ni moja, akiwa amejifungua nani ataangalia duka?"

Mwandishi alitazama skrini, mama bado yuko mlangoni.

"Alisema atarudi," alijibu. "Iko kwenye skripti."

Chumba kizima kikageuka nyuma. Mama akachukua pini zake akazirudisha mdomoni, zote kwa pamoja.

"Mimi ni mtu wa nguo," alisema, akatoka.

Nyumbani jioni alinipa maneno yangu. Alikuwa anakuna nazi kwa nguvu kuliko nazi ilivyohitaji.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Ulikwenda kufukua kanda za watu, ukaniweka pale kama maonyesho. Ungenipotezea kazi. Ungempotezea yule msichana kazi."

"Mbona uliniambia ilifutwa?"

Akaendelea kukuna. Nikamwambia arudi kwenye duka, amwambie Mzee ndiyo. Akasema amezeeka, sura imeanguka, watu watasema ndiye yule? Nikamwambia watasema ndiye yule, kwa furaha. Akasema hataki, hajawahi kukosa kitu, nimwache. Hapo na mimi nikapandwa.

"Mama, koti unalipiga brashi ya nini?"

Aliweka mbuzi kando. Akakaa na mikono yake mitupu magotini, sikuwa nimezoea kuiona bila kitu.

"Wewe ulikuwa unauliza ukiwa mdogo hivi," alisema. "'Mama, unakosa kuigiza?' Umesimama chini ya zile nguo, unanitazama. Ningekujibu nini? Ningesema nakosa, wewe ungesikia nini? Ungesikia kwamba bora usingekuja. Nikaona nisiseme. Ukazoea kuuliza, na mimi nikazoea kujibu."

Nilimwambia sasa mimi ni mtu mzima, naweza kusikia.

"Nilikosa," mama alisema. "Nilikosa sana. Nilikuwa nikisikia wakiita watu kwenye seti, miguu inataka kwenda yenyewe. Na wewe nilikuwa nakupenda. Yote mawili, kwa wakati mmoja. Basi, nipe hilo bakuli."

Nikampa bakuli. Asubuhi nilimkuta chumba cha mavazi, koti liko mezani, limefumuliwa pembeni. Alikuwa analipanua.

Siku ya kupiga picha sikwenda seti. Niliogopa nitamtia wasiwasi, na ukweli ni kwamba niliogopa tu. Nilikaa kwenye chumba changu kisicho na dirisha nikingoja picha ziletwe. Stoo alinipitia, akaniambia amelipata lile sanduku, lilikuwa kwake muda wote, chini ya mahema, na amelifuta vumbi mwenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ni vumbi.

Picha zikaja. Jicho alikuwa amefungulia: picha pana, mtu mzima mzima, mwanga kila kona. Binti yuko nyuma ya kaunta fupi, tumbo lake mbele ya dunia nzima, anapanga betri. Mlango unafunguliwa. Mama anaingia na koti la kahawia, na sanduku amelishika kwa mpini, ubavuni, kama watu wanavyobeba sanduku.

"Karibu," Binti anasema. "Nikusaidie nini?"

"Wewe ni mtoto wa kaka yangu," mama anasema, na ulimi ni ule ule. "Na betri hazipangwi hivyo."

Binti anashika mdomo. "Shangazi?"

"Nimekawia kidogo."

"Safari ilikuwaje?"

Kwenye skripti mama anatakiwa kujibu, "Ilikuwa ngumu, mwanangu," kisha akae kwenye gunia afunike uso. Mara ya kwanza aliigiza hivyo, vizuri kabisa. Mara ya pili vile vile, na ya tatu. Nilipofungua ya mwisho alikuwa amesimama pale pale, Binti akauliza safari ilikuwaje, na mama akaweka sanduku chini. Hakukaa kwenye gunia, wala hakufunika uso. Akatazama, si kwa Binti, akatazama moja kwa moja kwenye kamera, kosa ambalo mwigizaji yeyote anafundishwa kuliepuka siku ya kwanza.

"Ilikuwa njema," alisema. "Nilipata mtoto wa kike."

Nilimaliza kulia, nikafanya kazi yangu. Mwongozaji alikuja jioni kutazama nilichounganisha. Alisema labda tutumie moja ya zile tatu za mwanzo, maana hii ya mwisho haifuati skripti, na mama anatazama kamera. Nikamwambia mashine hii hapa, kiti hiki hapa, akate mwenyewe kama anaweza. Alisimama kidogo nyuma yangu, akasema labda tuiache.

Mwandishi ndiye aliye taabani sasa. Watazamaji wanataka kujua huyo mtoto wa shangazi yuko wapi na ataigizwa na nani. Juzi alichungulia mlangoni kwangu, akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Nilimwambia asithubutu, mtoto huyo yuko kazini.